Kutoka Kibuyu hadi Dumu: Historia ya Plastiki na Chembe Zake Chini ya Mlima Hanang

Kata ya Gendabi imekaa chini ya Mlima Hanang, mlima wa volkano iliyozimika wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, katika wilaya iliyopewa jina la mlima huo huo, ambayo makao yake makuu ni mji wa Katesh. Enzi za utawala wa Waingereza eneo hilo lilihesabiwa ndani ya Wilaya ya Mbulu. Baada ya uhuru lilikuwa katika Mkoa wa Arusha hadi mwaka 2002, ulipoundwa Mkoa wa Manyara. Wakazi wake wengi ni Wabarabaig, walio tawi kubwa la Wadatoga na wafugaji wa tangu jadi, pamoja na Wairaqw, ambao Watanzania wengine wamezoea kuwaita Wambulu, na ambao huchanganya kilimo na ufugaji. Katika muda usiozidi sana vizazi viwili, jamii hizo zimeacha sehemu kubwa ya vyombo vya ngozi, mti, udongo na vibuyu, na kushika vyombo vya plastiki. Leo wanasayansi wanapouliza chembe zinazomeguka kutoka katika vyombo hivyo zinaufanyia nini mwili wa binadamu, swali lao huonekana la kigeni mpaka mtu afuatilie jinsi plastiki yenyewe ilivyofika, nani aliihitaji, na iliziba pengo gani.

Chembe zinazozungumziwa ni vipande vya plastiki vyenye upana usiozidi milimita 5, ambavyo wanasayansi huviita maikroplastiki. Vile vilivyo chini ya maikromita 1, yaani chini ya sehemu moja ya elfu ya milimita, huitwa nanoplastiki. Baadhi hutengenezwa zikiwa ndogo tangu kiwandani, kama punje zinazoyeyushwa ili kuunda ndoo na mabomba, lakini nyingi hutokana na uchakavu: jua huukausha mfuko hata ukapukutika mkononi, tairi huacha unga wake barabarani, na shuka la poliesta huachia nyuzi kila linapofuliwa. Jani huoza na mfupa huliwa na ardhi kwa sababu wapo viumbe wadogo wanaojua kuvila; plastiki, ambayo viumbe hao hawakuizoea, hugawanyika kwa miaka mingi bila kukoma kuwa plastiki.

Mwanaanthropolojia George Klima, aliyefanya utafiti miongoni mwa Wabarabaig katika miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu juu yao mwaka 1970, alieleza jamii ambayo ng'ombe aliipatia karibu kila kitu. Ngozi ilikuwa vazi la mwanamke na tandiko la kulalia, pembe ilikuwa chombo cha kunywea pombe ya asali, na maziwa yalihifadhiwa katika vibuyu. Kibuyu kilikuwa na adha zake, kwa kuwa kilivunjika kikianguka, kilibeba maji machache, na kilidai matunzo ya kusafishwa na kufukizwa moshi, desturi inayojulikana kwa wafugaji wengi wa Bonde la Ufa. Hata hivyo kilipovunjika kilitupwa nyuma ya boma na baada ya misimu michache hakikuonekana tena. Baadaye likaja debe la bati, ambalo kwanza lilisafirisha mafuta ya taa na mafuta ya kula, kisha likageuzwa chombo cha kuchotea maji na kipimo cha kupimia nafaka sokoni. Nalo lilipata kutu likatoboka.

Athari ya kwanza ya plastiki kwa Tanzania haikuwa ya kiafya bali ya kiuchumi, na iliwapata wakulima wa mkonge kabla haijawafikia watumiaji. Mkonge, ulioingizwa nchini na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, ulikuwa zao kuu la fedha za kigeni, na uzalishaji wake ulifikia kilele cha tani zipatazo 230,000 mwaka 1964. Wakati huo huo viwanda vya Ulaya na Marekani vilikuwa vimeanza kusokota kamba za polipropilini, aina ya plastiki ngumu kiasi ambayo hutolewa katika mafuta ya petroli, na kamba hizo zilikuwa nyepesi, haziozi shambani wala hazikuwa ghali. Bei ya mkonge ilianguka, mashamba ya Tanga na Morogoro yakadhoofika, na utaifishaji wa mwaka 1967 uliyakuta yakiwa tayari taabani. Kisha polipropilini hiyo hiyo ilirudi nchini ikiwa imefumwa kuwa gunia jeupe jepesi, ambalo Watanzania huliita salfeti au kiroba, na gunia la katani likaanza kupungua minadani. Kipo kinaya cha kihistoria hapo ambacho vitabu vya uchumi hukitaja kwa juu juu tu: nchi iliyokuwa ikiuza nyuzi zinazooza ikawa mnunuzi wa nyuzi zisizooza.

Katika Hanang mabadiliko yalisukumwa pia na ngano. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa msaada wa Kanada, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, lilifungua mashamba makubwa katika tambarare za Basotu, ambayo hatimaye yalifikia ekari zipatazo 100,000, na Wabarabaig walipoteza malisho bora ya msimu wa mvua. Kesi ya kijiji cha Mulbadaw dhidi ya shirika hilo, iliyofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, inakumbukwa na wanasheria wa ardhi hadi leo. Mfugaji aliyepunguziwa malisho hupunguza mifugo, na mifugo ikipungua ngozi hupungua pia. Mtu wa namna hiyo hununua shuka la dukani, viatu vya dukani na chombo cha dukani. Kwa hiyo kuenea kwa vitu vya viwandani hakukuwa jambo la kupenda usasa peke yake, na watu wanaowalaumu wafugaji kwa kuacha asili yao wangefanya vema kuisoma kesi hiyo kwanza.

Kitu kilichobadilisha maisha kuliko vyote ni dumu la lita 20. Limetengenezwa kwa polithini nzito, lina mkono wa kushikia na kifuniko kinachofunga, na kwa kawaida hufika kijijini likiwa limebeba mafuta ya kula, kisha huanza maisha yake ya pili ya kubeba maji. Mwanamke au mtoto anayetembea mwendo mrefu hadi kwenye chemchemi hupata ndani yake chombo ambacho hakimwagiki njiani, hakivunjiki akijikwaa, na huweza kufungwa juu ya punda mawili mawili. Maji yaliyofunikwa huingiwa na uchafu kidogo kuliko yaliyo wazi, na katika nchi ambako kipindupindu na kuhara vimeua watoto wengi, faida hiyo haipimiki kwa urahisi. Dumu likichakaa hukatwa likawa beseni, likikatika beseni hutumika kulishia kuku, na mwisho wake huwa jalalani au motoni.

Orodha ya huduma za plastiki kwa afya ya vijijini inaendelea. Mwaka 2003 kiwanda cha A to Z Textile Mills cha Arusha kilianza kutengeneza vyandarua vya Olyset, ambavyo uzi wake ni polithini iliyochanganywa dawa ya pemethrini ndani kwa ndani ili isiondoke kwa kufuliwa, na vyandarua vya namna hiyo vimekuwa nguzo ya vita dhidi ya malaria. Sindano zinazotumika mara moja na kutupwa zimepunguza hatari ya kuambukizana virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini. Mkulima wa mahindi naye ana habari yake. Mdudu dumuzi, ambaye wakulima wengine walimpa jina la skania kwa nguvu zake za kutafuna, aliingia Tanzania kupitia Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, na kwa miaka mingi dawa yake ilikuwa unga wa sumu unaochanganywa na nafaka ya chakula. Mifuko ya PICS, iliyobuniwa na mtaalamu wa wadudu Larry Murdock wa Chuo Kikuu cha Purdue alipokuwa akifanya kazi ya kunde nchini Kameruni katika miaka ya 1980, huhifadhi nafaka ndani ya tabaka mbili za polithini zilizozungushiwa salfeti: hewa ya oksijeni ikiisha ndani ya mfuko wadudu hufa, na mlaji haletewi sumu mezani. Mtu anayeitazama plastiki kama adui mtupu hana budi kueleza angemrudishia mkulima huyo kitu gani.

Plastiki ilizaliwa mbali na mahali ilikokuja kutegemewa. Mwaka 1907 Mbelgiji Leo Baekeland, akiwa Marekani, alibuni bakelaiti, plastiki ya kwanza isiyotokana na kiumbe hai, na mwaka 1933 wakemia Eric Fawcett na Reginald Gibson wa kampuni ya ICI nchini Uingereza waliipata polithini kwa bahati wakati jaribio lao la mgandamizo mkubwa lilipokwenda kombo. Mfuko wenye vishikio viwili, ule ambao Tanzania iliuita rambo kwa sababu ya picha ya mwigizaji wa filamu za Rambo iliyochapwa juu yake, ulibuniwa na Msweden Sten Gustaf Thulin na kupewa hataza mwaka 1965, na chupa ya plastiki ya vinywaji ilipewa hataza mwaka 1973 kwa jina la Mmarekani Nathaniel Wyeth.

Wasiwasi wa kiafya ulianzia viwandani, na hili husahauliwa mara nyingi na waandishi wanaoanza hadithi yao baharini. Mwaka 1974 ilibainika kwamba wafanyakazi wa kiwanda cha B.F. Goodrich mjini Louisville, Marekani, walikuwa wakifa kwa saratani adimu ya ini baada ya kuvuta kwa miaka mingi mvuke wa vinili kloridi, kemikali inayotumika kutengeneza plastiki ya mabomba. Mwaka 1998 madaktari wa jimbo la Rhode Island walieleza ugonjwa mpya wa mapafu uliowapata wafanyakazi waliokuwa wakivuta vumbi la nyuzi za nailoni zilizokatwa vipande vifupi sana. Ushahidi wa tatu, ambao kwa maoni ya mwanahistoria ndio wenye mafunzo mengi zaidi, ulitoka hospitalini. Daktari wa mifupa John Charnley wa Uingereza, aliyebuni nyonga ya bandia ya kisasa, alitumia kwanza plastiki ya tefloni, ikachakaa na kusababisha uvimbe. Ndipo akajipandikizia mwenyewe vipande vya tefloni na vya polithini ndani ya paja, akaona polithini haikumdhuru, na kuanzia mwaka 1962 akaitumia kwa wagonjwa. Miongo iliyofuata ilionyesha kwamba hata polithini hiyo, ikisuguliwa hatua kwa hatua kwa miaka kumi na zaidi, hutoa unga mwembamba ambao seli za kinga za mwili huumeza, hushindwa kuumeng'enya, na kwa hasira yake huanzisha uvimbe unaokula mfupa ulio karibu. Kipande kizima hakikuwa na madhara, bali unga wake. Na jambo hilo lilijulikana kwa madaktari wa mifupa miaka mingi kabla ya umma kusikia neno maikroplastiki.

Wanasayansi wa bahari walifika kwa njia nyingine. Mwaka 1972 Edward Carpenter na Kenneth Smith waliripoti vipande vya plastiki vilivyokuwa vikielea katika Bahari ya Sargasso, na habari yao ikapuuzwa kwa miaka thelathini. Mwaka 2004 Mwingereza Richard Thompson na wenzake walichapisha makala iliyoonyesha kwamba mchanga wa fukwe una nyuzi na vipande visivyoonekana kwa macho, na kwamba sampuli za viumbe wadogo wa baharini zilizohifadhiwa tangu miaka ya 1960 zilithibitisha kuongezeka kwake. Tangu hapo neno maikroplastiki likaenea. Mwaka 2019 watafiti waliopima anga ya milima ya Pirenei, mpakani mwa Ufaransa na Hispania, mahali pasipo na mji wala kiwanda cha karibu, walikuta wastani wa chembe 365 zikidondoka kila siku juu ya kila mita moja ya mraba. Matokeo hayo yaliondoa dhana kwamba nchi ya milimani iliyo mbali na bahari imesalimika, kwa sababu upepo na mvua hubeba chembe hizo kama zinavyobeba vumbi lolote.

Afrika Mashariki iliingia katika kumbukumbu za utafiti huo kupitia Mwanza. Mwaka 2016 Fares Biginagwa, Bahati Mayoma na wenzao walichapisha ushahidi wa kwanza wa maikroplastiki katika Maziwa Makuu ya Afrika, baada ya kuchunguza matumbo ya sangara na sato waliouzwa sokoni Mwanza, ishirini wa kila aina, na kuthibitisha plastiki katika samaki mmoja kati ya kila watano. Sangara na sato huondolewa matumbo kabla ya kupikwa, lakini dagaa, ambao huanikwa, hupakiwa katika viroba na kufikishwa minadani hata katika wilaya zisizo na ziwa, huliwa wazima pamoja na vilivyomo. Mwaka 2020 Mayoma na wenzake walichapisha utafiti mwingine uliokuta chembe hizo katika mchanga wa fukwe za Tanzania na ndani ya kombe wanaoliwa na watu wa pwani.

Kwa mtu wa Gendabi, hata hivyo, utafiti wa kumgusa zaidi ulifanywa ng'ambo ya bahari. Mwaka 2017 Esperanza Huerta Lwanga na wenzake walieleza hali ya bustani za nyumbani huko Campeche, Meksiko, ambako takataka za plastiki huchomwa na kufukiwa uani: chembe zilikutwa katika udongo, zikazidi katika kinyesi cha nyungunyungu, zikazidi tena katika kinyesi cha kuku, na zilikutwa ndani ya firigisi za kuku ambazo wenyeji hula. Boma la Hanang lina shimo la taka, lina moto wa jioni, lina kuku wanaochakura, na firigisi humo ni kipande cha heshima anachowekewa baba au mgeni. Plastiki inayochomwa haitoweki. Sehemu yake hubaki vipande vilivyoungua, na moshi wake, hasa wa plastiki yenye klorini, huwa na sumu za jamii ya dioksini, ambazo hukaa katika mafuta ya mwili kwa miaka mingi. Kipande cha rambo kilichotumika kuwashia mkaa kiliwahi kuwa kitu cha kawaida katika majiko ya Tanzania nzima, sawa na mfuko wa nailoni unaofunikwa juu ya sufuria ya wali ili uive kwa mvuke. Ng'ombe na mbuzi nao humeza mifuko wakiwa malishoni, na madaktari wa mifugo katika machinjio ya Afrika Mashariki wamekuwa wakikuta mafundo ya plastiki katika matumbo ya wanyama waliokonda bila sababu iliyoonekana.

Mifugo hiyo, pamoja na mitaro ya miji iliyoziba, ndiyo iliyoisukuma serikali kabla mambo ya chembe ndogo hayajajulikana. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006. Tanzania Bara, iliyokuwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, ilijaribu kwanza njia ya kupima unene, na kanuni za mwaka 2015 ziliweka mpaka wa maikroni 50. Njia hiyo haikufua dafu, kwa kuwa mama ntilie na mwenye duka hawana kifaa cha kupimia maikroni, na mfuko mnene hauozi upesi kuliko mwembamba. Februari 2017, katika ziara ya Mkoa wa Manyara, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kwamba kuanzia tarehe 1 Machi pombe kali za vifuko vidogo, maarufu kama viroba, zingekuwa haramu. Hoja kubwa ilikuwa ulevi wa vijana, lakini vifuko hivyo vilikuwa vimetapakaa kandokando ya njia za nchi nzima, na kwa hiyo amri ya kulinda ini ilikuwa pia, bila kukusudiwa sana, amri ya kulinda udongo.

Tangazo kubwa lilitolewa bungeni Dodoma Aprili 2019, na kuanzia tarehe 1 Juni mwaka huo mifuko ya kubebea bidhaa ikapigwa marufuku Bara yote, miaka 11 baada ya Rwanda na karibu miaka miwili baada ya Kenya. Mtu akikutwa na mfuko huo alitishiwa faini ya shilingi 30,000 hadi 200,000 au kifungo kisichozidi siku saba, ilhali mtengenezaji na mwagizaji aliweza kutozwa hadi shilingi bilioni 1. Mabadiliko yalionekana kwa haraka isiyo ya kawaida kwa sheria za Tanzania: ndani ya majuma machache wachuuzi walirudia bahasha za karatasi na vikapu. Lakini kanuni ziliacha nje vifungashio vya dawa, vya viwandani, vya ujenzi, vya kilimo na vya usindikaji wa vyakula, na mfuko mbadala uliojaa masoko, ule laini wenye rangi unaofanana na kitambaa, kwa sehemu kubwa umetengenezwa kwa nyuzi za polipropilini zilizobanwa kwa joto. Mnunuzi aliyeupokea kama kitambaa alikuwa amepewa plastiki nyingine, yenye nyuzi zinazochomoka kwa wepesi zaidi. Aidha, vifuko vyepesi visivyo na vishikio vilivyoruhusiwa kufungashia vitu vilianza kutumika kubebea nyanya na maharage, hata Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, likalazimika kuvitolea katazo mwaka 2021.

Wakati huo wanasayansi walikuwa wamehama kutoka baharini na kuingia mwilini. Mwaka 2021 kundi la watafiti wa Italia lilichapisha habari za kondo la nyuma: kati ya kina mama sita waliojifungua salama, makondo ya wanne yalikuwa na vipande vya plastiki. Mwaka 2022 Waholanzi walipima damu ya watu 22 na kuikuta plastiki kwa 17 kati yao, na katika mwaka huo huo Waingereza wakaripoti chembe ndani ya mapafu ya watu walio hai. Utafiti uliotikisa zaidi ulitoka tena Italia, Machi 2024, ambapo Raffaele Marfella na wenzake waliwafuatilia wagonjwa 257 waliofanyiwa upasuaji wa kuondoa utando wa mafuta uliokuwa ukiziba mishipa mikubwa ya shingo. Wagonjwa 150 walikuwa na polithini katika utando huo, na katika miezi 34 hivi iliyofuata hatari yao ya kupata shambulio la moyo, kiharusi au kufa ilikuwa kubwa mara nne na nusu kuliko ya wenzao.

Takwimu hizo zinatisha, na ndiyo sababu zinahitaji kusomwa polepole. Utafiti wa Marfella unaonyesha mambo mawili yanayokwenda pamoja, hauonyeshi kwamba moja ndilo lililozaa jingine, kwani mtu mwenye plastiki nyingi huenda pia alikula, alivuta hewa au aliishi tofauti na mwenzake. Vipimo vyenyewe vina mitego yake: sampuli huweza kuchafuliwa na nguo za mpimaji au na vifaa vya maabara, ambavyo vingi ni plastiki, na njia ya kuiunguza sampuli kisha kupima gesi zake huweza kuyadhania mafuta ya mwili kuwa polithini, pingamizi lililoelekezwa kwa utafiti wa Marekani wa mwaka 2025 ulioripoti plastiki nyingi katika ubongo. Dai lililoenezwa mwaka 2019, kwamba binadamu humeza kila wiki plastiki yenye uzito wa kadi ya benki, lilionekana baadaye kuwa limekuzwa kupita kiasi, ingawa bado linarudiwa katika semina. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti zake za mwaka 2019 juu ya maji ya kunywa na mwaka 2022 juu ya chakula na hewa, lilihukumu kwamba ushahidi hautoshi kukadiria hatari, na likataka kazi zaidi ifanyike na uchafuzi upunguzwe.

Upande wa kemikali una ushahidi wa zamani na imara zaidi. Plastiki haiwi laini, ngumu au ya rangi kwa yenyewe. Huongezewa viungo, na baadhi ya viungo hivyo huiga homoni, yaani vichocheo ambavyo mwili hutumia kuendesha ukuaji na uzazi. Kemikali ya bisfenoli A ilijulikana tangu mwaka 1936, kwa majaribio ya Mwingereza Edward Dodds, kuwa na tabia kama ya homoni ya kike ya estrojeni, lakini miongo miwili baadaye viwanda vikaanza kuitumia katika plastiki ngumu za vyombo vya chakula. Joto huharakisha kutoka kwa viungo hivyo na kwa chembe zenyewe: mwaka 2020 watafiti wa Chuo cha Trinity mjini Dublin walionyesha kwamba chupa za watoto za polipropilini zikikorogewa maziwa kwa maji ya moto huachia chembe kati ya milioni 1.3 na milioni 16.2 katika kila lita. Hapo ushauri kwa jiko la Gendabi hauhitaji kungojea maabara. Uji unaochemka unaweza kuwekwa katika bakuli la bati au udongo, na sufuria ya wali ikafunikwa kwa sahani au jani la mgomba, ilhali maji baridi yakibaki ndani ya dumu, ambako yana hatari ndogo zaidi.

Novemba 2023 wajumbe wa mataifa walikutana Nairobi kwa duru ya tatu ya mazungumzo ya mkataba wa kimataifa wa kukomesha uchafuzi wa plastiki, mazungumzo yaliyoanzishwa na azimio lililopitishwa katika jiji hilo hilo Machi 2022. Duru hiyo ilifungwa tarehe 19 bila makubaliano. Majuma mawili baadaye, asubuhi ya Jumapili tarehe 3 Desemba, sehemu ya Mlima Hanang iliyokuwa imelowa mvua ilimeguka, na tope lililochanganyika na mawe na magogo likashuka juu ya Katesh, Gendabi na vijiji vingine. Watu 89 walikufa. Rais Samia Suluhu Hassan alikatiza safari yake ya mkutano wa tabianchi huko Dubai, na nchi nzima ikachanga magodoro, mablanketi, vyakula na vyombo. Mbele ya msiba wa namna hiyo suala la chembe za plastiki ni dogo, na mwandishi yeyote mwenye haya atalitaja baada ya kuwataja waliokufa. Lakini linahusika kwa namna mbili. Tope lililozoa nyumba na maduka lilizoa pia vyote vilivyokuwamo, likavisaga kwa mawe na kuvitandaza mashambani, na msaada uliookoa maisha, kuanzia godoro la sponji hadi turubai na ndoo, ulikuwa kwa sehemu kubwa wa plastiki, kwa sababu hakuna kitu kingine kilichoweza kufika kwa wingi huo na kwa haraka hiyo.

Mazungumzo ya mkataba yaliendelea Busan mwishoni mwa mwaka 2024, kisha Geneva Agosti 2025, na kote yakakwama katika jambo moja. Kundi la nchi lilitaka utengenezaji wa plastiki mpya uwekewe mipaka na kemikali zenye madhara zitajwe na kuzuiwa, ilhali nchi zenye mafuta ya petroli zilitaka mkataba ushughulikie taka peke yake. Hadi mwaka 2015 dunia ilikuwa imeshatengeneza tani zipatazo bilioni 8.3, na katika zilizogeuka taka ni asilimia 9 tu zilizorejelezwa, jambo linalofanya hoja ya kuzoa taka bila kupunguza chanzo iwe dhaifu kwa hesabu ya kawaida. Tanzania ilikuwa imeuamua mgogoro huo kwa kitu kimoja, mfuko wa kubebea, ambao iliukataza kuanzia kiwandani mwaka 2019. Kuhusu dumu, salfeti, chandarua, shuka la poliesta na mfuko wa kuhifadhia mahindi, vitu ambavyo boma la Hanang haliwezi leo kuishi bila ya hivyo, bado hakuna mkataba wa plastiki wa dunia unaosema viongezewe viungo gani, visiongezewe vipi, na vikichakaa nani avichukue.